Kabla hujakaa na shairi la Kiingereza, weka haya sawa

Wale wa HKL na HGL, yani michepuo ya kidato cha tano na sita yenye somo la Kiingereza, na hata nyie mnaosoma kwa raha zenu tu, hii ni yenu. Watu wengi wakifungua shairi la Kiingereza wanakimbilia "linamaanisha nini", wanakwama mstari wa pili, alafu wanasema lugha ngumu. Mi naona mara nyingi lugha inasingiziwa bure, kilichopo ni kwamba sikio halijaandaliwa, kwa hiyo hizo maana ziache kwanza, andaa sikio.

Cha kwanza kabisa, mazoea ya mizani yaweke pembeni kidogo. Sisi tumekuzwa kuhesabu silabi, mshororo mizani 16, nane kwa nane, ikizidi moja umeharibu. Mkazo hatuhangaiki nao manake kwetu karibu kila neno unakaa silabi ya pili kutoka mwisho, unajulikana ulipo. Kwenye Kiingereza mkazo unatangatanga, unaweza ukakaa mwanzo, katikati au mwisho, na neno hilohilo likiwa nomino unakaa huku likiwa kitenzi unahamia kule, angalia "present" ya zawadi na "present" ya kuwasilisha kitu mbele za watu. Sasa washairi wao wa zamani wanahesabu silabi ndio, ila kazi kubwa wanayofanya ni kupanga mkazo uanguke wapi. Ndo maana uwe na kamusi inayoonyesha alama ya mkazo, ile kistari kidogo kinachowekwa kabla ya silabi nzito, sio app ya kutafsiri tu. Na usihesabu silabi kwa macho! "Bright" ina herufi 6 lakini silabi ni moja tu.

Tuchukue mfano mmoja tuutafune. Soneti ya 18 ya Shakespeare (soneti ni shairi la mistari 14), ilichapishwa 1609, mstari wa kwanza naandika sehemu nzito kwa herufi kubwa: shall I comPARE thee TO a SUMmer's DAY. Usome ukiwa unagonga meza. Nyepesi nzito, nyepesi nzito, mara 5, silabi 10, hiyo ndo wanaita ayambiki pentamita. Hiyo "to" ukiisoma kawaida wala haina uzito, inabebwa na mapigo ya jirani zake, usiipigie kelele. Alafu ruka mpaka mstari wa tatu, "Rough winds do shake the darling buds of May", hapo mwanzo tu maneno mawili mazito yamegongana, rough, winds, mapigo yameyumba palepale upepo unapovuma. Ungekuwa hujaishika ngoma ya kawaida usingesikia kwamba hapa imevunjwa, na mara nyingi kinachotakiwa kuelezwa ni pale ilipovunjwa, sio kuandika "shairi lina ayambiki pentamita" ukaweka nukta ukaondoka.

Kuhusu sauti, anza na kitu kifupi. Tennyson, mshairi wa Uingereza, ana shairi la tai, la 1851, mistari 6 tu basi, beti mbili za mistari mitatu mitatu, kwetu tungeita tathlitha, na kila ubeti kina chake kimoja. Mstari wa kwanza ni "He clasps the crag with crooked hands". Hesabu, silabi 8 kama kipande cha utenzi, mikazo minne. Usome kwa sauti usikie ile k inavyokwaruza, clasps, crag, crooked, ni mwamba mkavu na kucha zimeung'ang'ania. Takriri konsonanti ndo jina lake lakini jina ni rahisi, mwenye macho yoyote anaona k zimejirudia, swali ni k hizo zinafanya nini pale. Na ona, kasema mikono, hajasema kucha, kwa hiyo tashihisi, yani kumpa asiye mtu sifa za mtu, imeshaingia kimyakimya kabla hujafika hata mstari wa pili.

Vina havina mengi, ila ukikuta "proved" na "loved" vimewekwa kama vina usidhani mshairi kachemka, matamshi ya enzi zile hayakuwa haya ya leo.

Tamathali sasa, yani lugha ya picha, hapa maandalizi yanayotakiwa ni ya kujua mazingira yao. Rudi kwenye soneti ileile. Kumlinganisha mpenzi na siku ya kiangazi, kwa mtu wa Dodoma au Mombasa ni karibu tusi, jua linakuchoma, vumbi, umeme umekatika. Uingereza kiangazi ndo msimu watu wanaousubiri mwaka mzima, ni mfupi, na hata ukija haueleweki. Ukiwa na hilo kichwani ndo "summer's lease hath all too short a date" inakukaa, lease ni mkataba wa kupanga, yani kiangazi ni mpangaji na muda wake kwenye mkataba ni mdogo sana. Mwenye nyumba ni nani? Hajamtaja, na mimi hapo ndo napapenda kuliko sehemu zote za shairi lile, kamwingiza mpangaji na karatasi za mahakamani katikati ya mapenzi na wala hujashtuka.

Zile thee na thou (wewe), na hath (has ya zamani), ziandike pembeni mara moja zisikusumbue tena. Na mashairi huru, yamejaa sana kuanzia karne ya 20, usiyalazimishie mapigo ambayo hayana, huko sikiliza takriri na pale mstari unapokatwa.

La mwisho, print nakala yenye nafasi kati ya mistari, penseli mkononi, tafuta mtu anayelisoma vizuri YouTube umsikilize, alafu ujirekodi kwenye simu. Ukisoma usisimame kila mwisho wa mstari kama unasoma majina ya rejista, fata mkato na nukta, mstari usipokuwa na alama pitiliza mpaka unaofuata, kina kitasikika tu chenyewe.