Kutabiri kampaundi za kuzuia kansa kwa Python: mfano wa EGFR, kuanzia data mpaka modeli

Naandika hii baada ya kumsaidia dada mmoja wa famasia anayesoma masters, ana orodha ndefu ya molekuli za mimea na hela ya kupima chache tu maabara. Njia yenyewe ni rahisi kuieleza: unaifundisha kompyuta kwa kampaundi zilizokwishapimwa na watu wengine, alafu unaiuliza kuhusu zako. Python ya kawaida uwe unaijua, kuinstoli vitu sitafundisha hapa, pip install rdkit (maktaba ya Python ya kushughulikia molekuli) inamaliza kazi.

Kwanza chagua swali

"Inatibu kansa" hiyo kompyuta haiwezi kujibu. Kuna kipimo cha kampaundi kuzuia protini fulani, na kuna kipimo cha kuua seli zenyewe, mfano MCF-7 za kansa ya matiti, na hivi viwili usiviweke kwenye jedwali moja hata kama vyote vimeandikwa IC50 (naieleza hapo chini). Mimi natumia EGFR, protini ambayo kwenye baadhi ya kansa za mapafu inakuwa imewashwa muda wote na seli zinagawanyika ovyo. Dawa za gefitinib na erlotinib zinafanya kazi kwa kuiziba hiyo.

Shusha data

Ingia ChEMBL, hifadhidata ya bure ya kampaundi zilizokwishapimwa, tafuta CHEMBL203 (ndo namba ya EGFR humo), chuja ubaki na IC50, shusha CSV. Kwenye pandas (maktaba ya Python ya majedwali) weka sep=";" kwa sababu faili lao linatenganishwa kwa nukta mkato. Excel usiiguse kabisa, ina tabia ya kugeuza namba kuwa tarehe bila kukuuliza.

IC50 ni kiasi cha kampaundi kinachoshusha kazi ya protini kwa nusu, kwa hiyo namba ikiwa ndogo ndo kampaundi kali. Igeuze iwe pIC50, yaani 9 toa logi ya nanomola: nM 10 inakuwa 8, nM 1000 inakuwa 6, nM 10000 inakuwa 5.

Kusafisha (hapa kaa chini kabisa)

Video nyingi za mtandaoni hapa zinaandika dropna (futa mistari yenye nafasi tupu) na kusonga mbele, na ndo maana watu wanakuja kulalamika modeli haieleweki. Huyu dada masaa yake karibu yote yaliishia hapa.

Ukianza kuchuja kolamu ya Standard Relation kwa alama ya = utapata jedwali tupu. Faili halina shida, ni kwamba ndani ya seli alama imeandikwa pamoja na vinukuu vyake, '=' hivyo hivyo, kwa hiyo ving'oe kwanza kwa str.strip("'").

Sasa zile zenye > usizitupe zote. "> 10000" maana yake walipandisha dozi mpaka nM 10000 na kampaundi bado haijafika nusu, yaani haina nguvu, na hiyo ni habari ya thamani sana. Kolamu ya pChEMBL Value (ile pIC50 waliyokwishaikokotoa wao) inakuwa tupu kwenye mistari hiyo, kwa hiyo mtu anayechukua pChEMBL peke yake anajikuta kampaundi nyingi zilizoshindwa zimepotea na modeli yake haijawahi kuona kitu kibovu, kila ukiiuliza inakujibu "wastani wastani". Ndo sababu napendelea kutabiri makundi mawili badala ya namba kamili: pIC50 kuanzia 6 kwenda juu ni kali, 5 kushuka chini ni dhaifu, za katikati naziacha. "> 10000" inaingia kwenye dhaifu moja kwa moja. "> 1000" tupa, hujui iliishia wapi.

Alafu kuna mabadiliko ya jeni. Chini ya CHEMBL203 kuna vipimo vya EGFR ya kawaida na vya EGFR iliyobadilika, kama L858R na T790M, vyote humo humo. Gefitinib ni kali kwa ile ya kawaida ila T790M inaiponyoka, na osimertinib ilitengenezwa kwa ajili ya hiyo T790M. Molekuli moja, majibu mawili, yote ya kweli, na modeli yako haioni protini, inaona molekuli tu. Angalia kolamu ya Assay Variant Mutation, ila usiiamini peke yake, tafuta pia maneno hayo ndani ya Assay Description maana mara nyingine mabadiliko yametajwa huko tu.

Mwisho toa chumvi. Erlotinib na erlotinib hydrochloride ni dawa ile ile lakini SMILES zao (molekuli ikiandikwa kama mstari wa herufi) hazifanani. Tumia LargestFragmentChooser ya RDKit, tengeneza InChIKey (kitambulisho cha kila molekuli), kisha unganisha marudio kwa kuchukua namba ya katikati, na kama vipimo vya kampaundi moja vimepishana zaidi ya logi 1, itoe.

Sifa za molekuli

Uzito, logP (inavyopenda mafuta kuliko maji), idadi ya watoaji na wapokeaji wa bondi za hidrojeni, TPSA (eneo la uso wake lenye upolari), vyote viko kwenye RDKit. Ongeza fingaprinti za Morgan, yaani orodha ya 0 na 1 inayoonyesha vipande vilivyomo kwenye molekuli, radiasi 2, biti 2048. Sheria ya Lipinski ya 1997 usiitumie kuchuja, ile inahusu dawa za kumeza kufyonzwa mwilini, haisemi chochote kuhusu kansa. Vinblastine ina uzito unaopita 800 na inatibu watu.

Kugawa data

Usigawe kwa bahati nasibu. Wanakemia wanatengeneza kampaundi kwa ukoo, wanabadilisha klorini kuwa florini wanapima tena, kwa hiyo ukichanganya ovyo ndugu wa tumbo moja watakuwa pande zote mbili na maksi zitakuwa tamu za uongo. Gawa kwa MurckoScaffold (kiunzi cha molekuli) pamoja na GroupKFold, ili ukoo mmoja ukae upande mmoja. Maksi zitashuka, zikubali hivyo hivyo.

Modeli

RandomForestClassifier (miti mingi ya maamuzi inayopiga kura), miti 500, class_weight="balanced". Basi. Neural network achana nayo kwanza.

Pima kwa MCC (maksi inayohesabu makundi yote mawili, 0 ni kubahatisha na 1 ni sahihi kabisa), acha accuracy (asilimia ya majibu sahihi), kwa sababu kampaundi zinazochapishwa nyingi ni zile zilizofanya kazi, modeli ikisema "kali" kwa kila kitu itaonekana ina akili. Alafu changanya lebo (zile kali na dhaifu) makusudi ufundishe upya: MCC ikikataa kushuka karibu na 0, kuna kitu kinavuja, rudi kwenye kusafisha.

Kutabiri za kwako

Kabla ya kusoma jibu lolote, pima Tanimoto (kufanana kwa fingaprinti, 0 mpaka 1) kati ya molekuli yako na iliyo karibu nayo zaidi kwenye data ya mafunzo. Chini ya 0.3 mimi jibu silitumii, hata kama modeli inasema uwezekano wa kuwa kali ni 0.95. Data ya EGFR imejaa kwinazolini (kiunzi cha gefitinib na erlotinib) na jamaa zake, molekuli nyingi za mimea hazifanani nazo hata kidogo. Hata vinblastine yenyewe, inayotoka kwenye lile ua la Madagaska linalopandwa bustanini, inashambulia tubulini, protini nyingine kabisa, kwa hiyo modeli hii ikisema "dhaifu" haijakwambia chochote kuhusu kansa, imekwambia kuhusu EGFR. Kwenye orodha ya yule dada nyingi ziliangukia chini ya 0.3, zilizobaki ni flavonoidi (kundi la kampaundi za mimea) chache, na hizo ndo zimetangulia maabara.

Toleo la ChEMBL ulilotumia na random_state (namba inayofanya bahati nasibu ya kompyuta irudie matokeo yale yale) viandike kwenye ripoti, msimamizi atauliza.