Ubishi wa sheria mezani: kata shauri, mchezo uendelee

Kwenye michezo ya mezani ya kuigiza wahusika wa hadithi, kabla wachezaji hawajaunda wahusika wao, waambie wazi kwamba sheria ikizua ubishi, mwendesha mchezo, yaani anayesimulia hadithi na kuwachezesha maadui, ndiye mwenye neno la mwisho. Ukingoja kulisema watu wakiwa wameshapandwa na hasira, litasikika kama ubabe.

Mezani kwangu hapa Buruburu, ubishi mwingi huletwa na dadu ya pande 20. Mtu anataka mhusika wake aruke korongo pana, anarusha, inatokea 20, wenzake wanashangilia, naye anadai tayari kavuka. Kwa Dungeons & Dragons, toleo la tano la 2014, 20 inahakikisha shambulio limempata adui. Kwenye kuruka au kukwea haihakikishi kitu: unajumlisha namba ya dadu na nyongeza za uwezo wa mhusika wako, tunalinganisha na kiwango cha ugumu nilichoweka, basi. Kwa hivyo kama jambo haliwezekani kabisa, usimwache arushe dadu. Ukishamruhusu, umeshampa matumaini, na ugomvi utakaofuata umeutafuta mwenyewe.

Ubishi ukizuka, mpe kila upande nafasi fupi ya kujieleza. Mwenye kitabu asome sentensi yenyewe. "Niliona YouTube" haihesabiki. Asipoipata upesi, amua: "Leo umening'inia ukingoni kwa vidole. Tukimaliza tutaangalia kitabu." Halafu geukia mchezaji anayefuata papo hapo, usiache kimya. Nina watu wa kurudi Rongai na Kayole. Saa kumi na mbili jioni washaanza kuwaza matatu, na nusu saa ya mabishano ni pambano zima limepotea. Nasimamisha mchezo nifungue kitabu pale tu uhai wa mhusika unapotegemea jibu. Hapo hata chai ipoe.

Kila uamuzi uandike daftarini, kisha ukufunge na wewe. Ukiruhusu wachezaji wawili waliombana adui mbele na nyuma warushe dadu mbili na kuchukua iliyo kubwa, majambazi wako nao wapate vivyo hivyo. Wachezaji huliona hilo haraka kuliko unavyodhani.

Kitabu kikikupinga baadaye, tangaza mwanzoni mwa kikao kijacho, sheria sahihi ianzie hapo. Usirudishe hadithi nyuma. Aliyeumizwa na uamuzi ule mfidie kidogo. Chupa moja ya dawa ya uponyaji yatosha.