Namna ya Kuifuatilia Historia ya Royal Rumble

Anayetaka kuijua historia ya Royal Rumble, pambano la kila mwaka la kampuni ya mieleka ya WWE, hana haja ya kulitazama kila pambano tangu la kwanza, kwa sababu atachoka mapema kwa kuwaona wanaume wakisukumana kwenye kona huku wakimsubiri mwenzao aingie. Njia yenye manufaa zaidi ni kuzifuata kanuni: chagua mwaka ambao kanuni iliwekwa, kisha ule ambao ilibadilishwa, kisha ule ambao ilitiwa majaribuni.

Kwanza uelewe mchezo wenyewe. Wanamieleka wawili huanza ulingoni, na wengine huingia mmoja mmoja kila baada ya muda maalumu, aghalabu dakika moja na nusu au mbili, kwa namba zinazodaiwa kupatikana kwa kura. Anayerushwa juu ya kamba ya juu na miguu yake yote miwili ikagusa sakafu hutoka. Nasema zinadaiwa kwa kuwa matokeo ya mieleka hii hupangwa. Ukilikumbuka hilo, utaiona kila namba kuwa ni uamuzi wa mtu aliyetaka kusimulia jambo.

Anza na mwaka 1988, mjini Hamilton nchini Kanada, ambako wazo la Pat Patterson, mwanamieleka mstaafu aliyekuwa akiifanyia kazi kampuni hiyo, lilijaribiwa kwa watu 20 na Jim Duggan akashinda. Mwaka uliofuata idadi ilipanda hadi 30, na ndiyo iliyodumu, isipokuwa mwaka 2011 walipoingia 40. Kisha ruka hadi 1992, wakati mkanda wa ubingwa uliokuwa wazi ulipowekwa kuwa zawadi. Ric Flair aliingia akiwa na namba 3, akavumilia kwa takriban saa nzima na kuuchukua. Kwa maoni yangu, huyu ndiye wa kutazamwa kwanza na mgeni yeyote, kwa kuwa uchovu wake ndio hadithi yenyewe. Tangu 1993, alipotawazwa Yokozuna, zawadi ya kawaida imekuwa nafasi ya kugombea ubingwa katika WrestleMania, onyesho kuu la WWE la kila mwaka.

Sasa tazama kanuni ya miguu miwili, na hapa usiwe na haraka. Mwaka 1994 Bret Hart na Lex Luger walianguka pamoja, wote wawili wakatangazwa washindi. Mwaka 1995 Shawn Michaels, aliyeanza na namba 1, alirushwa nje lakini akaning'inia kambani. Rudisha mkanda wa video nyuma na uangalie miguu yake: mmoja uligusa sakafu, wa pili haukugusa. British Bulldog alikuwa tayari amepanda kamba za kona kushangilia, na muziki wake unapigwa, Michaels aliporudi na kumsukuma nje. Mwaka 2005 Batista na John Cena walianguka kwa pamoja, marefa wakabishana, na Vince McMahon, mkuu wa WWE wakati huo, aliyekuja kuamua, akaumia miguu alipokuwa akiingia ulingoni, ikambidi atoe amri akiwa ameketi ulingoni. Pambano likaanzishwa upya, na Batista akashinda.

Kwa rekodi, jiwekee jedwali lenye namba ya kuingia, muda na idadi ya waliotolewa. Utamkuta Steve Austin na ushindi wake mara tatu, wa 1997, 1998 na 2001, ingawa ule wa kwanza una doa, kwa kuwa Bret Hart alikwisha kumtoa bila marefa kuona. Utamkuta pia Kane aliyetoa watu 11 mwaka 2001, rekodi iliyovunjwa na Roman Reigns kwa watu 12 mwaka 2014. Pambano la wanawake, lililoanza mwaka 2018 kwa ushindi wa Asuka, lipewe jedwali lake.

Safu ya namba ndiyo itakayokupa maswali mengi. Namba 30, inayoonekana kuwa ya bahati, haikumpa mtu ushindi hadi Undertaker mwaka 2007. Mwaka 2023 Gunther aliingia wa kwanza, akadumu zaidi ya saa moja na dakika kumi, kisha akatolewa na Cody Rhodes aliyeingia wa mwisho.