SOMO: Kuchagua jiwe la kaunta ya jikoni kabla hujalipa

Wengi wakiingia yadi ya mawe huanza na rangi, na muuzaji hawasumbui maana rangi ndiyo inayouza. Wewe anza na mapishi yenu. Nyumba inayokamua ndimu kila siku, inayoloweka ukwaju na kukaanga bizari, haifai jiwe lilelile la mtu anayechemsha chai tu.

Hatua ya 1: Jua unauziwa nini

Marumaru asili yake ni jiwe la chokaa lililobadilishwa na joto na mgandamizo chini ya ardhi. Inapendeza, ila ni laini na asidi huila. Granaiti ni ngumu, na ndimu haiifanyi kitu. Kwatzi ya kiwandani ni chenga za jiwe, kama asilimia 90, zilizoshikanishwa kwa rezini, yaani gundi ya plastiki. Hainywi madoa kirahisi, lakini rezini yake huanza kuharibika kwenye nyuzijoto 150 hivi. Mafuta ya kukaangia mandazi yanapita hapo, kwa hiyo karai halitui juu yake bila kibao.

Hatua ya 2: Omba kipande, kakitese nyumbani

Hapa usione haya. Kila yadi ina vipande vilivyobaki baada ya kutoboa nafasi za sinki. Chukua kimoja cha jiwe unalolitaka.

Dondoshea ndimu, acha nusu saa, futa, kisha kiinamishe uelekeo wa dirisha ukitazame kwa ubavu. Ukiona duara lililofifia, na kidole kinahisi ukwaruzo, hiyo ni marumaru au ndugu yake, hata kama risiti imeandikwa granaiti. Kwaruza kwa ncha ya kisu: kwenye granaiti utabaki mstari wa kijivu unaofutika, maana ni chuma ndicho kilicholika, kwenye marumaru kisu kinachimba. Weka tone la maji. Jiwe likipiga weusi ndani ya dakika chache, linakunywa, na litahitaji dawa ya kuziba vinyweleo (vitundu vidogo vya jiwe) mara kwa mara. Mwisho, bizari iliyochanganywa na mafuta, ilale usiku mzima. Asubuhi utajua.

Kwa jiwe jeusi, sugua pamba yenye asetoni, ile ya kutolea rangi ya kucha. Pamba ikitoka nyeusi, jiwe limepakwa rangi. Lirudishe.

Hatua ya 3: Chagua slabu yenyewe

Sampuli ya kiganja haionyeshi mishipa wala nyufa. Nenda ukaone slabu, yaani mabamba mazima ya jiwe, zikiwa zimesimama, lowesha uso, na uweke alama kwenye uliyoichagua.

Hatua ya 4: Unene na uzito

Granaiti ya sentimita 2 ina kilo 54 hivi kwa mita moja ya mraba. Ya sentimita 3 inafika 80. Mwambie fundi kabati kabla hajaanza kukata mbao. Upande wa kaunta wa kuwekea viti ukitokeza zaidi ya sentimita 25 kwa jiwe la sentimita 3, au zaidi ya 15 kwa la sentimita 2, uwekewe vishikizo chini.

Hatua ya 5: Ukataji

Ikatwe kwa maji, tena yadini, si sebuleni kwako. Vumbi la silika, madini yaliyomo kwenye jiwe, linaharibu mapafu na hayaponi. Kwatzi ya kiwandani ndiyo mbaya zaidi. Australia iliipiga marufuku kuanzia tarehe 1 Julai 2024 kwa sababu hiyo.

MASWALI YA WADAU

Swali: Shukrani mkuu. Mke wangu kashaipenda marumaru nyeupe, haambiliki. Nifanyeje?

Jibu: Usigombane naye. Iwekeni upande wa kusukumia chapati, maana hukaa ya baridi na unga hauishiki sana. Kwenye sinki na jiko wekeni granaiti. Akitaka kote, chukueni isiyong'arishwa. Alama za ndimu hazitaonekana sana. Dawa ya vinyweleo huzuia madoa tu, asidi haiizuii.

Swali: Jiko langu lipo barazani, jua lote la mchana linaingia. Kwatzi itafaa?

Jibu: Hapana dada. Jua hubadilisha rangi ya rezini. Weka granaiti.

Swali: Granaiti yangu nyeusi imetoka vidoa vyeupe pale ninapokatia ndimu. Fundi anasema ni mafuta.

Jibu: Mafuta hulifanya jiwe liwe jeusi zaidi, hayalipaushi. Ama limepakwa rangi, ama si granaiti. Jaribu asetoni sehemu iliyojificha nyuma ya jiko, kisha mrudie aliyekuuzia ukiwa na pamba mkononi.

Swali: Na sisi wa bajeti ndogo? Terazo?

Jibu: Terazo ni saruji na chenga za marumaru, kwa hiyo ndimu inaila vilevile, ingawa inaweza kusagwa na kung'arishwa upya. Mimi ningeulizia kwanza mabaki ya granaiti. Jiko dogo la ukuta mmoja linaweza kutoka kwenye vipande viwili, mradi maungio yasiangukie kwenye tundu la sinki, maana hapo jiwe ni jembamba na ndipo linapovunjikia.