Somo: Kudhibiti Uzito kwa Chakula Ukitumia Prednisoloni kwa Muda Mrefu

Wenzetu wanaotumia prednisoloni, dawa ya jamii ya steroidi ya kutuliza uvimbe mwilini, kwa ajili ya lupasi (ugonjwa ambao kinga ya mwili huushambulia mwili wenyewe), baridi yabisi au maradhi ya figo huona nguo zikiwabana, na wanapolalamika huambiwa wapunguze kula. Ushauri huo hautoshi, kwa sababu dawa hii huongeza uzito kwa njia mbili tofauti: huufanya mwili ushike chumvi na maji, na huamsha njaa hata kwa mtu aliyetoka kula. Nimeitumia kwa miaka sita hapa Nairobi, na nafuu niliipata nilipoanza kuzishughulikia njia hizo mbili kila moja peke yake.

Hatua ya kwanza ni kupima. Panda mizani asubuhi baada ya kutoka msalani na kabla ya chai, kisha uandike. Uzito ukipanda kilo mbili kwa siku mbili au tatu, na soksi ikaacha alama ya kina kwenye kifundo cha mguu, hayo ni maji, na daktari wako anapaswa kujulishwa mapema.

Hatua ya pili ni chumvi, na hapa ndipo penye kazi kubwa. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asifikishe gramu 5 kwa siku, yaani pungufu kidogo ya kijiko kimoja cha chai. Pima kiasi hicho asubuhi, ukitie katika kikopo kidogo, na chumvi yako ya siku nzima itoke humo. Siku ya kwanza nilipojaribu, kikopo kilikuwa kitupu kabla sukuma wiki ya jioni haijaiva, na bado sikuwa nimehesabu kiungo cha mchuzi cha pakiti, wala smoki na kachumbari niliyokula nikisubiri matatu. Tangu hapo mboga zangu huungwa kwa kitunguu saumu, tangawizi, dhania na ndimu. Mwenye ugonjwa wa figo asinunue chumvi mbadala bila kumuuliza daktari, kwani nyingi zina potasiamu.

Hatua ya tatu ni sahani: nusu iwe mboga za majani kama managu, terere au sukuma wiki, robo iwe ugali, na robo iliyobaki iwe ndengu, maharagwe, samaki au yai. Msipunguze robo hiyo ya mwisho, maana steroidi hudhoofisha misuli na mifupa. Omena, dagaa ambao huliwa na mifupa yake, na mala (maziwa ya mgando) isiyo na sukari huupa mwili kalisiamu. Sukari ya chai ipunguzwe kabla hata ya kupunguza ugali, kwa kuwa vikombe vinne vyenye vijiko viwili viwili ni vijiko vinane, na dawa yenyewe tayari hupandisha sukari ya damu.

Hatua ya nne: dawa imezwe asubuhi baada ya kula, isipokuwa daktari amepanga vingine. Ikimezwa jioni hufukuza usingizi, na aliye macho usiku hufunua sufuria.

Maswali ya wanachama

Mwanachama wa Kayole: Mwalimu, uso wangu umevimba. Je, chakula kitaurudisha?

Jibu: Pole sana, dada. Kupunguza chumvi hupunguza maji tu. Mafuta yaliyohamia usoni na shingoni huondoka taratibu kadiri daktari anavyoshusha dozi, na huchukua miezi.

Mwanachama wa Eastleigh: Je, naweza kufunga Ramadhani?

Jibu: Ndugu yangu, mwone daktari wiki kadhaa kabla ya mwezi kuandama, ili aamue kama dawa inaweza kuhamishiwa daku. Mgonjwa ameruhusiwa kula, basi akikukataza usijilazimishe.

Mwanachama wa Kangemi: Nimeshauriwa niache vidonge wiki mbili na ninywe chai ya kupunguza tumbo.

Jibu: Tafadhali mama, usifanye lolote kati ya hayo. Tezi zilizo juu ya figo, ambazo hutengeneza steroidi ya mwili wenyewe, hupunguza kazi yake tunapotumia dawa hii kwa muda mrefu, na ukiacha ghafla unaweza kutapika, kuishiwa nguvu na kushukwa na shinikizo la damu hadi maisha yawe hatarini. Nyingi ya chai hizo huharisha, na kuharisha hutoa potasiamu ambayo steroidi nayo huipunguza. Ipeleke pakiti hiyo kliniki siku yako ya kurudi, umwonyeshe mfamasia.