Vidonge vya kulainisha shingo ya kizazi kabla ya kutolewa mimba: zingatia haya

Kama umepangiwa kutolewa mimba kwa kufyonzwa, uliza kwanza kama hivi vidonge unavihitaji. Chini ya wiki 12 sio lazima kila mtu apewe, kuanzia hapo kwenda juu ndo WHO (Shirika la Afya Duniani) inashauri shingo ilainishwe kwanza.

Jua unapewa nini. Mifepristone unameza siku moja au mbili kabla. Misoprostol kawaida ni mikrogramu 400, saa 1 hadi 2 kabla ukiweka chini ya ulimi, 2 hadi 3 ikiwekwa ukeni au shavuni. Usijianzishie nyumbani eti uwahi, tumbo na damu vitakukuta njiani.

Pedi nene beba. Nguo ya kubadilisha beba. Wa kurudi naye awepo. Kama utapigwa usingizi, uliza mwisho wa kula ni saa ngapi.

Sasa hili shika sana. Rafiki yangu alipewa za chini ya ulimi, hakuna aliyemwambia kitu zaidi ya "weka hapo usimeze", baada ya muda akaanza kutetemeka hadi meno yanagongana, tumbo linasokota, akajua kapewa sumu, akavitema kwenye tishu, uji mweupe tu, akaikunja akaitia kwenye pochi, kimya. Daktari anaingia anajua shingo imeshalainika, kumbe imekaza vilevile, na kuipanua kwa nguvu ndo kunaleta mchaniko. Bahati nzuri daktari alihisi akasimama akamuuliza, ndo tishu ikatolewa. Kule kutetemeka, homa kidogo, kichefuchefu na kuharisha ni dawa inafanya kazi, omba shuka na dawa ya maumivu mapema. Ukitema au ukitapika SEMA hapohapo, hakuna wa kukugombeza, na akikugombeza sema tena. Vidonge vikishakaa chini ya ulimi nusu saa, mabaki meza na maji.

Mengine: kama una kitanzi, aleji, unatumia dawa za kuzuia damu kuganda au steroidi (kama prednisolone) za muda mrefu, taja hata usipoulizwa. Usighairi katikati ukaondoka kimyakimya, misoprostol inaweza kumdhuru mtoto mimba ikiendelea. Na ukirudi nyumbani ukaona unalowanisha pedi mbili kwa saa, saa mbili mfululizo, au homa haishuki, au usaha, au kizunguzungu cha kuanguka, rudi hospitali usiku huohuo, usisubiri kukuche