Kuilinda Akaunti ya WhatsApp Isitekwe

Anayetaka kuiteka akaunti yako huingiza namba yako katika simu yake, kisha hukuandikia, mara nyingi kupitia akaunti ya ndugu iliyokwisha kutekwa, akiomba umtumie tarakimu 6 ambazo WhatsApp imekutumia kwa ujumbe mfupi. Usimpe mtu yeyote tarakimu hizo, hata awe mzazi wako. Fungua Mipangilio ya WhatsApp, ingia sehemu ya Akaunti, uwashe uthibitishaji wa hatua mbili, na uchague namba ya siri isiyofanana na ile ya pesa za simu. Ongeza na barua pepe, ambayo itakusaidia ukiisahau namba hiyo ya siri. Kagua pia vifaa vilivyounganishwa na akaunti yako, uondoe usichokitambua. Aliyeko Tanzania apige *106# aone laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chake.